Kipimo Kwanza, Simu Baadaye

Ukiwa unasoma udaktari Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma na kwenu ni Kasulu au Kibondo mkoani Kigoma, likizo haikupi nafasi ya kupumzika. Unashuka basi jioni. Kesho yake chai haijaiva, baba mkubwa ameshafika na bahasha ya majibu ya maabara, shangazi kambeba mtoto anayekohoa, na jirani ana video kwenye simu anataka umwambie kama ni kweli. Umemaliza mwaka wa kwanza tu, bado unahangaika na majina ya mifupa, lakini mtaani umeshakuwa daktari. Usiidharau heshima hiyo. Ndiyo itakayowafanya watu wakusikilize pale wasipomsikiliza mtu mwingine, na ndiyo itakayowaumiza ukiitumia ovyo.

Nakuandikia wewe, na pia ndugu zako wanaokusubiri, kwa sababu siku hizi swali la afya halianzii zahanati. Linaanzia kwenye simu janja ya kijana wa nyumba, na jibu la kwanza linalopatikana humo ndilo linalokaa kichwani. Ninachoamini ni hiki: habari za mtandaoni humfaa sana mgonjwa aliyekwisha kupimwa, na humfaa kidogo mno yule ambaye bado. Kabla ya kipimo, simu ina kazi moja ya halali, nayo ni kumjulisha mtu kama hali yake ni ya hatari na aelekee wapi. Baada ya kipimo, ndipo inapoweza kuwa mwalimu.

Tuanze na homa, maana huko kwetu ndiyo inayoongoza kwa maswali. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama asilimia 7. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Kwa hiyo mzazi wa Heru Juu au Kifura hakosei anapoiwazia malaria. Anakosea anapoitibu bila kuiona. Homa, kutapika na mwili kuuma vinaweza kuwa malaria, vinaweza kuwa nimonia, vinaweza kuwa maambukizi ya mkojo au kitu kingine kabisa, na hakuna ukurasa wa mtandao unaoweza kuona damu ya mtoto. Kipimo cha haraka cha malaria kinapatikana kwenye zahanati na majibu yake hutoka ndani ya nusu saa. Shangazi akikuuliza, "Nimpe mseto?" jibu lako ni kumsindikiza akapimwe. Usifungue simu kwanza.

Sasa tuseme amepimwa, malaria ipo, na ametoka na dawa mseto ya ALu kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa kwa haraka. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha zinazofuata asubuhi na jioni. Dawa hiyo huingia vizuri mwilini ikifuatana na chakula chenye mafuta, na nyumba iliyo na maharage yaliyoungwa kwa mawese haina haja ya kutafuta maziwa ya dukani. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mama asikisie. Arudi akaulize kama dozi irudiwe. Akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki si akiba ya mdogo wake. Maelezo yote haya yapo mtandaoni kwa Kiswahili, na mama akiyasikia kwa utulivu, ameketi, mtoto amelala, atayashika kuliko alivyoyasikia dirishani akiwa na foleni nyuma yake.

Namna ya kuketi na mgonjwa ina maana kuliko unachokisoma. Kabla hujagusa simu, muulize kituoni ameambiwa nini, amesikia au ameona nini kwingine, na anaogopa nini. Hilo la tatu watu hulificha. Mzee anaweza kukuuliza habari za maumivu ya mgongo kwa nusu saa, kumbe hofu yake ni kwamba kaka yake alikufa kwa saratani iliyoanza hivyohivyo. Ukishajua hofu, ndipo ujue utafute nini. Kisha somea sauti, polepole, kwenye simu yake mwenyewe kama anayo, ili ajue njia ya kurudi hapo ukiondoka. Ukimaliza, usimuulize kama ameelewa. Kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Mwombe akueleze yeye.

"Bibi, hebu na mimi nifundishe, hizi dawa za presha utazimeza vipi?"

"Nitameza kichwa kikiuma, mjukuu wangu."

Jibu hilo limewapeleka wengi kwenye kiharusi. Presha haina desturi ya kupiga hodi. Dawa zake humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume. Usimkemee bibi. Tafuta maneno mengine, na kama anasikia vizuri zaidi kwa Kiha, mweleze kwa Kiha, kisha mwombe akueleze tena. Kwa asiyesoma, rekodi sauti yako kwa Kiha isiyozidi dakika moja na umwachie kwenye simu ya nyumbani. Kwa mwenye kitochi, andika sentensi tatu kwa herufi kubwa nyuma ya kadi yake ya kliniki: dawa gani, saa ngapi, arudi lini. Karatasi haiishi chaji.

Lipo neno la kuongeza kuhusu vipimo, maana sitaki uelewe kwamba kila kipimo kina uzito sawa. Watu wengi hurudi nyumbani wakiwa wameambiwa wana taifodi na UTI kwa pamoja, mwaka hadi mwaka. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi kinajulikana kwa udhaifu wake. Kinaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Wewe unalijua hilo darasani. Lakini ukimwambia baba mkubwa mbele ya watu kwamba kituo kimempima vibaya, utakuwa umembomolea imani kwa watu atakaowahitaji usiku wa manane. Msaidie aandike swali: "Naomba kuuliza, kuna kipimo kingine cha kuhakikisha kabla sijaanza tena dozi?" Mganga mwema halichukii swali la namna hiyo. Kila kitu cha maana mtakachokisoma pamoja mtandaoni kigeuzeni kuwa swali la kupeleka kliniki. Mgonjwa anayefika na swali moja lililoandikwa hupata zaidi kuliko anayefika na simu iliyojaa video za kumwonyesha daktari.

Kabla ya kipimo nimesema simu ina kazi moja. Kazi hiyo ijue kwa moyo, kwa sababu ikihitajika hakutakuwa na muda wa kutafuta. Mjamzito akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, akipata degedege, akiwa na homa kali au mtoto akiacha kucheza tumboni, hakuna cha kusoma. Mtoto mdogo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, vilevile. Degedege ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu bado zipo nyumba ambazo mtoto hupitishwa kwanza kwa mganga wa kienyeji kwa imani kwamba huo si ugonjwa wa hospitali, na saa zinazopotea hapo ndizo zilizokuwa za kumwokoa. Namba ya bure ya 115 ni ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unaomtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Ambulensi ikiwa mbali, hutumwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, na familia haimlipi. Namba ya bure ya 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya kwa maswali ya kawaida. Zihifadhi namba hizo mbili kwenye kila simu utakayoishika likizo hii, vitochi vikiwemo. Ukifanya hilo tu, likizo yako haikupotea.

Tuje kwenye zile video. Usimcheke anayekuletea. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka nchi nzima na nchi jirani walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na magonjwa ya muda mrefu, wamechoka na safari za kliniki, na mtu aliwapa tumaini kwa bei wanayoimudu. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Habari zile zilisafiri kwa mdomo na kwa ujumbe mfupi. Leo zinasafiri kwa WhatsApp na TikTok, lakini anayezipokea ana uchovu uleule na tumaini lilelile, na ukimdhihaki atakwenda kwa muuzaji anayemsikiliza.

Itazameni video pamoja hadi mwisho. Kisha muulize ni nani anayezungumza, anaishi wapi, na kama ni daktari jina lake lipo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambayo inaonekana mtandaoni. Je, mwisho wa maelezo kuna namba ya kulipia? Anayeeleza ugonjwa na papo hapo anauza dawa yake ana sababu ya kukutisha. Dawa hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au kwa zile za asili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Anaahidi kuponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa chupa moja? Na lililo kubwa kuliko yote: anamwambia mgonjwa aache dawa za hospitali? Hapo usiwe mpole. Kisukari, presha, kifua kikuu chenye dozi ya miezi kadhaa, VVU, kifafa: kuacha dawa za magonjwa haya kwa neno la mtu wa mtandaoni ni kuhatarisha maisha, na mwambie hivyo waziwazi, kwa upole wa sauti lakini bila kupindisha maneno. Kuhusu mitishamba ya nyumbani, uliza kwa heshima anatumia nini na tangu lini, hasa kwa wajawazito, kwa kuwa zipo dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zinazoweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi. Akiogopa kukemewa hatakwambia, wala hatamwambia mkunga.

Tarehe ya habari nayo ni ya kuichunguza, na mfano tunao wa karibu kabisa. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushuku ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika, Biharamulo. Biharamulo ndiyo wilaya ya Nyakanazi, anapopita kila anayetoka Kibondo kwenda Mwanza. Mtu aliyesambaza taarifa ya kwamba ugonjwa haupo siku mbili baada ya tangazo la Rais alikuwa anasambaza tangazo la kweli lililokwisha muda. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, na aliyeendelea kutisha watu Aprili kwa video za Januari naye alikosea. Wafundishe watu wa nyumbani kutafuta tarehe kabla ya kusambaza, na taarifa isiyo na tarehe wasiisambaze.

Vivyo hivyo kwa vitabu. Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha David Werner kilichoanzia vijiji vya milimani Mexico miaka ya 1970, ni hazina kwa mwalimu wa kijiji au kiongozi wa kikundi cha akina mama, na tafsiri yake ya Kiswahili inafaa sana kwa kueleza usafi, kuharisha, majeraha na uzazi. Lakini sura za dozi katika nakala za zamani zipite. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa mseto ikachukua nafasi mwaka 2006. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo hakijui. Kwa maelezo ya ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa, anza na machapisho ya Wizara ya Afya, kisha MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ina sehemu ya Kiswahili. Kuna Wakongo wengi waliohamishiwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo Kasulu tangu 1996, kwa hiyo usishangae kukuta hospitali ya huko imeandika kwa Kiswahili kinachoeleweka Makere. Angalia tu kama dawa na huduma zinazotajwa zipo kwetu; kumpa mgonjwa maelezo ya tiba isiyopatikana hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni kumwongezea huzuni.

Siku hizi wapo wanaouliza programu za akili mnemba, na zinajibu Kiswahili safi. Usafi wa lugha ndio mtego. Zinaweza kukusaidia kurahisisha aya ngumu uliyokwisha kuithibitisha. Kiasi cha dawa, hasa cha mtoto, usikitoe humo kamwe.

Bando nalo lina nafasi yake kwenye hesabu. Pakua machapisho chuoni penye intaneti ya bure kabla ya safari, ukifika warushie watu kwa Bluetooth au Xender. Usimtumie mama wa Mabamba video ya dakika kumi. Hiyo ni fedha ya chumvi na sabuni.

Simu ya nyumbani, mara nyingi, si ya mtu mmoja. Inashikwa na baba, inachezewa na watoto, inaazimwa na jirani. Ujumbe kuhusu uzazi wa mpango, VVU au magonjwa ya zinaa ukiutuma humo unaweza kumletea mwanamke kipigo au talaka. Mambo ya siri yaseme kwa mdomo, faraghani, au mwelekeze kwa muuguzi wa kliniki. Picha ya cheti cha mgonjwa usiitume kwenye kundi la wanafunzi wenzako ili "mjadiliane", hata ukifuta jina; Kasulu ni ndogo, na kovu, kitenge au jina la zahanati vinatosha kumtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria, mtu alikuamini.

Na mipaka yako ijue. Hujasajiliwa. Usiandike dozi, usimpigie muuza duka la dawa muhimu umtajie antibayotiki, usisome picha ya eksirei ukatoa hukumu. Watakubembeleza, watasema umekuwa na maringo tangu uende mjini. Jibu linalokubalika ni la kitendo: "Baba mkubwa, twende wote." Ukimsindikiza hadi dirishani hakuna atakayesema umemnyima msaada. Kwa walio ndani ya kambi za wakimbizi, kuingia kunahitaji kibali, usijipenyeze. Ila unaokutana nao sokoni wanaozungumza Kirundi mtaelewana kwa Kiha chako, na kuwaelekeza kwenye vituo vya afya vya kambini ni msaada tosha.

Ukirudi chuoni kuna kazi unayoweza kuiendeleza kutoka bwenini. Kuanzia mwaka 2013, wanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipewa muda wa masomo kurekebisha makala za afya za Wikipedia, wakisimamiwa na mwalimu. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi za magonjwa ambazo ni fupi au zimechakaa, na huko ndiko mdogo wako wa sekondari anakonakili. Kundi la wanafunzi watano na mhadhiri mmoja wa kuwakagua linatosha kuanza na malaria, kifafa cha mimba, seli mundu na kisukari. Andikeni kama mnavyomweleza bibi, kisha mmpelekee bibi asikilize kabla hamjaichapisha.

Kabla ya kupanda basi, pita zahanati ukamwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu. Mpango wa taifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024 na Philip Mpango wa Buhigwe, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, ukilenga wahudumu 137,294 nchi nzima. Yeye anabaki, wewe unaondoka. Mkabidhi machapisho uliyopakua na sauti ulizorekodi, na umwombe azisikilize kwanza, kwa kuwa anaijua kaya kwa kaya na anaweza kukuonyesha palipokosewa. Kwa wale waliokuomba ufuatilie hali zao, waulize kwanza kama wanakubali umweleze. Anayekataa, mpe namba yako. Picha za vyeti zilizobaki kwenye simu yako zifute palepale, ukiwa bado kijijini, mbele ya waliokupa.